Semmelweis na Somo la Mikono Iliyonawa

Wengi wetu tulilelewa shuleni tukiamini kwamba sayansi ni ghala la majibu. Mwalimu huingia darasani na majibu hayo, akayaandika ubaoni, nasi tukayanakili daftarini ili tuyatoe siku ya mtihani. Ni nadra sana kuambiwa majibu hayo yalipatikanaje, nani waliyapinga, na ni roho ngapi zilizoangamia huku wakubwa wakiendelea kubishana. Ndiyo maana mtu aliyefaulu vizuri somo la baiolojia anaweza kukueleza viini vya maradhi ni nini, lakini ukimuuliza ni kwa ushahidi gani anaamini kwamba viini hivyo huleta ugonjwa, akabaki ameduwaa. Kwa sababu hiyo, maisha ya Daktari Ignaz Semmelweis yanafaa kusimuliwa upya kwa walimu na wanafunzi wetu. Katika maisha hayo mafupi mtu anaweza kuona jinsi maarifa ya kisayansi yanavyozaliwa, yanavyojaribiwa, na jinsi yanavyoweza kukataliwa hata pale yanapookoa maisha.

Semmelweis alizaliwa tarehe 1 Julai 1818 mjini Buda, mji ambao leo ni sehemu ya Budapest, mji mkuu wa Hungaria. Enzi hizo Hungaria ilikuwa chini ya himaya ya Austria, na kijana aliyetamani elimu yenye hadhi alielekea Vienna. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vyakula aliyejimudu, na Ignaz alikuwa mtoto wa tano kati ya watoto kumi. Mnamo 1837 alikwenda Vienna kusomea sheria, lakini muda si muda akaiacha na kujiunga na masomo ya utabibu. Alihitimu mwaka 1844, kisha akajikita katika taaluma ya uzazi. Alikuwa mtu mwenye huruma nyingi na bidii ya kazi, ila alikuwa na udhaifu mmoja ambao ulikuja kumgharimu sana: hakupenda kabisa kuandika.

Hospitali Kuu ya Vienna ilikuwa miongoni mwa hospitali kubwa kabisa barani Ulaya. Wanawake maskini, na hasa wale waliopata mimba nje ya ndoa, walijifungulia huko bila malipo. Badala ya fedha, walikubali miili yao itumiwe kuwafundishia wanafunzi. Palikuwa na wodi mbili za wazazi. Kuanzia mwaka 1840 iliamriwa kwamba wanafunzi wa udaktari wafunzwe katika wodi ya kwanza, na wanafunzi wa ukunga wafunzwe katika wodi ya pili. Mama mja mzito hakuchagua wodi. Siku za kupokea wagonjwa zilipokezana, na siku aliyofika ndiyo iliyoamua angelazwa wapi.

Siku hiyo, kumbe, ndiyo iliyoamua pia kama angerudi nyumbani akiwa hai. Katika mwaka wa 1846, wanawake 4,010 walijifungua katika wodi ya kwanza, na 459 kati yao wakafariki, yaani zaidi ya asilimia 11. Katika wodi ya pili walijifungua wanawake 3,754 na wakafariki 105, ambao hawafiki hata asilimia 3. Wengi wa marehemu hao waliuawa na homa ya uzazi. Mama alikuwa akijifungua salama, kisha baada ya siku chache akashikwa na homa kali, tumbo likafura, usaha ukaenea mwilini, na punde akafa. Aghalabu mtoto naye alimfuata.

Jambo la kutia uchungu ni kwamba wanawake wenyewe walikwisha kulijua hilo. Walioambiwa kwamba wamefika siku ya wodi ya kwanza walipiga magoti na kuomba kwa machozi wahamishiwe ya pili. Wengine waliona heri wajifungulie njiani, kisha wafike hospitalini na mtoto mikononi, na ajabu ni kwamba hao waliojifungulia vichochoroni waliugua mara chache kuliko wale waliohudumiwa na madaktari. Maskini hao hawakuwa na shahada wala vitabu. Hata hivyo, walikuwa wameona kitu ambacho wasomi walikitazama kila siku bila kukiona. Fununu za akina mama haziwi sayansi kwa sababu tu zinasemwa na wengi, lakini mwanasayansi anayezidharau huenda akaupita ushahidi ulio mbele ya macho yake.

Semmelweis aliingia katika wodi ya kwanza kama daktari msaidizi mnamo Julai 1846, chini ya Profesa Johann Klein. Vifo vile vilimnyima usingizi. Alipouliza chanzo chake, alipewa maelezo mengi yaliyokubaliwa na wakubwa wa wakati huo. Wapo waliosema ni athari za anga na hewa mbaya iliyotanda juu ya jiji. Wapo waliotaja msongamano wa wagonjwa. Wengine walilaumu hofu, aibu ya wanawake wasioolewa, au mikono mizito ya wanafunzi wa kiume.

Hapa ndipo tunapaswa kumtazama kwa makini, kwa kuwa alichofanya ndicho kiini cha kazi yote ya sayansi. Aliyachukua maelezo yale moja baada ya jingine, akajiuliza: kama hili ni kweli, tutarajie kuona nini? Kama chanzo ni hewa ya jiji, basi wodi mbili zilizo katika hospitali moja, zenye hewa ile ile na hali ile ile ya anga, hazingetofautiana kiasi hicho. Kama chanzo ni msongamano, wodi ya pili ndiyo ingeua zaidi, kwa sababu wanawake waliikimbilia na ikajaa hadi pomoni. Kama chanzo ni umaskini au aibu, wanawake wa wodi zote mbili walikuwa wa tabaka moja. Maelezo yaliyotarajia jambo lisilotokea aliyaweka kando, hata kama yalisemwa na profesa mwenye mvi.

Hakudharau hata dhana zilizoonekana kuwa za kitoto. Kasisi aliyekuja kuwapa sakramenti wagonjwa mahututi alilazimika kupita katikati ya wodi ya kwanza, huku mbele yake akitangulia mtumishi mwenye kengele. Ilisemekana kwamba mlio huo uliwatia hofu wagonjwa hata wakaugua. Semmelweis akamwomba kasisi apitie njia nyingine, kimya kimya, bila kengele. Vifo havikupungua. Katika wodi ya pili wanawake walijifungua wakiwa wamelala ubavu, ilhali katika ya kwanza walilala chali. Akaagiza walale ubavu katika wodi yake pia. Vifo havikupungua. Kila jaribio lililoshindwa lilimpunguzia idadi ya milango ya kubisha. Mwanafunzi anayedhani kwamba jaribio lisilofaulu ni kazi bure na akitafakari jambo hilo.

Mlango wa kweli ulifunguka kwa njia ya msiba. Mnamo Machi 1847, Semmelweis alipokuwa amerejea kutoka matembezini Venice, alipata habari kwamba rafiki yake Jakob Kolletschka, aliyekuwa profesa, amefariki. Kolletschka alikuwa akiongoza upasuaji wa maiti, na mwanafunzi mmoja akamchoma kidole kwa kisu kwa bahati mbaya. Jeraha lilikuwa dogo, lakini baada ya siku chache akashikwa na homa na kufa. Semmelweis aliposoma taarifa ya uchunguzi wa mwili wa rafiki yake, aliona dalili zile zile alizozizoea katika miili ya wanawake wa wodi ya kwanza. Kolletschka hakuwa mwanamke, wala hakuwa amejifungua. Ikiwa ugonjwa uliomuua ni ule ule, basi kilichomuua kiliingia kutoka kwenye maiti kupitia kwenye kisu.

Ghafla vipande vyote vikaungana. Madaktari na wanafunzi wao walianza siku kwa kupasua maiti, kisha wakaenda moja kwa moja wodini kuwapima wanawake waliokuwa na uchungu wa kuzaa. Waliosha mikono kwa sabuni, lakini harufu ya maiti haikuwatoka. Wanafunzi wa ukunga hawakupasua maiti. Hiyo ndiyo iliyokuwa tofauti baina ya wodi mbili, na ndiyo iliyoeleza pia kwa nini waliojifungulia njiani walisalimika: hao hawakupimwa na mkono wa mtu yeyote kabla ya mtoto kuzaliwa.

Katikati ya Mei 1847 Semmelweis aliweka mlangoni beseni la maji yenye klorini, na baadaye chokaa ya klorini iliyokuwa nafuu zaidi, akaamuru kwamba asiguse mgonjwa mtu yeyote asiyenawa humo. Alichagua klorini kwa sababu ilimaliza harufu. Alisababu kwamba kinachoondoa harufu huenda kikaondoa pia kile kinachoileta. Matokeo yalikuja upesi. Mwezi wa Aprili mwaka huo, kati ya wanawake 312 waliojifungua katika wodi ya kwanza walikufa 57, yaani asilimia 18. Mwezi wa Juni, kati ya 268 walikufa 6. Mwezi wa Julai, kati ya 250 walikufa 3.

Lakini sayansi haikomei kwenye ushindi wa kwanza. Oktoba mwaka huo huo, mwanamke mwenye saratani ya mji wa mimba iliyotoa usaha alilazwa kwenye kitanda cha kwanza katika safu, na madaktari wakawa wanampima yeye kwanza, kisha wanawaendea wengine baada ya kunawa kwa sabuni tu. Kati ya wanawake 12 waliojifungua wakati huo, 11 walikufa. Hapakuwa na maiti katika tukio hilo. Mtu mwenye kiburi angelificha ili dhana yake isichafuke. Semmelweis aliipanua dhana yake: sumu ile haitoki kwa maiti peke yake, bali kwa kitu chochote kinachooza, hata katika mwili ulio hai. Kwa hiyo akaagiza watu wanawe baada ya kila mgonjwa wa aina hiyo. Kufikia mwaka 1848, wodi ya kwanza ilikuwa na vifo 45 kati ya wazazi 3,556, na wodi ya pili vifo 43 kati ya wazazi 3,219. Pengo lililokuwako kwa miaka likafutika. Mwezi wa Machi na wa Agosti mwaka huo hakufa mzazi hata mmoja katika wodi ya kwanza.

Msomaji mpenzi, hebu jiweke katika nafasi ya daktari wa zama hizo. Ukikubali kwamba Semmelweis amesema kweli, unalazimika kukubali pia kwamba mikono yako mwenyewe, mikono uliyoisomesha kwa miaka mingi ili iokoe watu, ndiyo iliyowaua. Semmelweis mwenyewe aliukubali ukweli huo mchungu, kwa kuwa alikuwa amepasua maiti nyingi kwa bidii akitafuta chanzo cha vifo, na bidii hiyo hiyo ndiyo iliyovizidisha. Huko Kiel, Ujerumani, Profesa Gustav Michaelis alianza kutumia klorini na akaona matokeo. Akatambua kwamba huenda ndiye aliyesababisha kifo cha binamu yake aliyemzalisha. Mzigo ulimshinda, na mwaka 1848 akajiua. Wengine wengi waliona ni rahisi zaidi kumkana mleta habari. Nyani haoni kundule, na msomi naye hana kinga dhidi ya upofu huo.

Hata hivyo, si haki kuwachora wapinzani wake wote kama wajinga au waovu. Baadhi ya hoja zao zilikuwa na uzito. Semmelweis alidai kwamba homa ya uzazi ina chanzo kimoja tu, dai lililokuwa geni katika utabibu wa wakati ule. Alipoulizwa kitu chenyewe kinachoua ni nini hasa, na kinauaje, hakuwa na la kuonyesha ila harufu, kwani nadharia ya viini vya maradhi ilikuwa haijajengeka. Zaidi ya hayo, hakuandika. Habari za kazi yake zilitangazwa kwanza na rafiki zake: Ferdinand von Hebra aliandika makala mafupi mwishoni mwa 1847 na tena 1848, na Josef Škoda akatoa mhadhara mnamo 1849. Taarifa hizo fupi zilieleweka vibaya mbali na Vienna. Wapo waliodhani anasema tu kwamba homa hiyo inaambukiza, jambo ambalo madaktari kadhaa wa Uingereza walikuwa wamelisema kabla yake, wala hawakuona jipya. Naam, mficha uchi hazai. Mtu aliye na maarifa kifuani bila kuyaweka wazi mbele ya wenzake, wayapime na kuyarudia kwao, hana budi kuyaona yakififia.

Siasa nazo hazikukaa mbali. Mwaka wa 1848 mapinduzi yalizuka Vienna na Hungaria, na Mhungaria mwenye maneno makali hakuwa mtu wa kupendeza machoni pa wakuu wa serikali. Muda wa kazi yake ulipokwisha Machi 1849, Profesa Klein hakukubali uongezwe. Alipoomba ruhusa ya kufundisha chuoni, alikubaliwa Oktoba 1850 kwa sharti kwamba atumie sanamu tu na si maiti. Siku chache baadaye aliondoka Vienna na kurudi Hungaria, bila kuwaaga hata rafiki waliomtetea.

Mjini Pest alijitolea kusimamia wodi ya wazazi katika hospitali ya Mtakatifu Rochus. Kati ya mwaka 1851 na 1857, kati ya wazazi 933 waliojifungua humo, homa ya uzazi iliwaua 8 tu. Mnamo 1855 aliteuliwa kuwa profesa wa taaluma ya uzazi katika Chuo Kikuu cha Pest, na mwaka 1857 akaoa. Hatimaye akashika kalamu. Kitabu chake kikubwa juu ya chanzo na kinga ya homa ya uzazi kilitoka kikiwa na tarehe ya 1861, miaka kumi na mitatu na zaidi tangu beseni lile la klorini liwekwe mlangoni. Takwimu zake zilikuwa madhubuti, lakini kitabu chenyewe kilikuwa kirefu, chenye marudio mengi na mashambulizi dhidi ya kila aliyempinga. Rudolf Virchow wa Berlin, mwanazuoni aliyeheshimiwa mno, hakukubaliana naye. Semmelweis akajibu kwa barua za wazi akiwaita maprofesa waliompinga wauaji. Yamkini uchungu wake ulikuwa wa haki, kwa kuwa kila mwezi wa ubishi ulimaanisha makaburi mapya, lakini matusi hayajawahi kumfanya mtu anawe mikono.

Katika miaka iliyofuata afya ya akili yake ilizorota. Julai 1865 alipelekwa Vienna kwa hila, akidhani anakwenda matembezini, kumbe alikuwa akipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Rafiki yake wa zamani, Hebra, ndiye aliyemsindikiza. Alipotambua na kutaka kutoka, alizuiwa kwa nguvu. Baada ya majuma mawili, tarehe 13 Agosti 1865, alifariki akiwa na umri wa miaka 47. Kilichomuua ni sumu iliyoingia katika damu kutokana na jeraha, na wanahistoria wengi wanaamini kwamba alipata majeraha kwa kupigwa na walinzi. Yaani alikufa kifo cha aina ile ile kilichomchukua Kolletschka na wale akina mama wa Vienna.

Mwezi huo huo wa Agosti 1865, huko Glasgow, daktari mpasuaji Joseph Lister alianza kutibu majeraha kwa asidi ya kaboliki ili yasioze, akiongozwa na kazi ya Louis Pasteur wa Ufaransa kuhusu vijidudu visivyoonekana kwa macho. Mnamo 1879, Pasteur mwenyewe alisimama mbele ya madaktari wa Paris na kuchora ubaoni viini vyenye umbo la mnyororo, akaonyesha kwamba hivyo ndivyo vinavyoleta homa ya uzazi. Pengo la nadharia ya Semmelweis likazibwa. Kile alichokiita chembe za vitu vinavyooza kikapata jina na sura. Tangu mwaka 1969 chuo kikuu cha utabibu cha Budapest kimebeba jina lake. Heshima hiyo ilimfikia akiwa amekwisha lala kaburini zaidi ya miaka mia moja.

Sasa tujiulize, kisa hiki kinatufunza nini kuhusu sayansi yenyewe? Kwanza, nguvu ya maarifa ya kisayansi haitoki katika cheo cha msemaji. Klein alikuwa profesa na Semmelweis alikuwa msaidizi wake. Nguvu hutoka katika ulinganishaji wa haki: wodi mbili, wagonjwa wa aina moja, hesabu zilizoandikwa siku baada ya siku. Lau si daftari za hospitali ile, zilizotunzwa na makarani ambao hakuna anayewakumbuka leo, Semmelweis angebaki na huruma tupu. Kwa hiyo taifa linalotaka sayansi halina budi kuheshimu kazi inayoonekana duni ya kuhesabu na kutunza kumbukumbu, iwe ni katika zahanati, shambani au katika kituo cha kupimia mvua.

Pili, sayansi ni kazi ya jamii. Mtu mmoja anaweza kugundua, lakini hawezi peke yake kuligeuza aliloligundua kuwa maarifa ya wote. Yahitaji majarida, mikutano, wapinzani wakali na wenzi waaminifu. Wapinzani wa Semmelweis hawakukosea kwa kutilia shaka, kwa maana shaka ndiyo chumvi ya sayansi. Kosa lao lilikuwa kutilia shaka bila kujaribu. Jaribio lenyewe lilikuwa beseni na chokaa, vitu visivyomshinda hata mkuu wa hospitali maskini. Mtu anayelikataa wazo kwa kuwa limemkera, ilhali anaweza kulipima kwa gharama ndogo, huyo ameivua joho la usomi kwa mikono yake mwenyewe.

Tatu, ni lazima tujihadhari na matumizi mabaya ya jina la Semmelweis. Katika zama zetu kila tapeli mwenye dawa ya kuponya maradhi yote hujilinganisha na mashujaa waliokataliwa. Akikosolewa, husema kwamba hata wakubwa wa kale walipingwa. La hasha! Kukataliwa si ushahidi. Semmelweis hakuwa sahihi kwa sababu alikataliwa. Alikuwa sahihi kwa sababu alikuwa na hesabu zilizo wazi, alieleza njia ambayo yeyote angeweza kuirudia, na alipokutana na tukio lililokwenda kinyume na dhana yake aliirekebisha. Anayeuza chupa ya dawa bila hata kimoja kati ya hivyo hana undugu naye.

Sisi hapa Kenya tuliuonja umuhimu wa tofauti hiyo. Ugonjwa wa Korona ulipothibitishwa nchini mnamo Machi 2020, mitungi ya maji na sabuni iliwekwa mbele ya maduka, masoko na vituo vya matatu, na watoto wadogo wakajua kunawa kwa sekunde ishirini. Wakati huo huo uvumi wa kila namna ulienea kwa simu. Raia wa kawaida angeweza vipi kuchagua kati ya tangazo la wizara na porojo za simuni? Wengi walichagua kwa imani: aliyeiamini serikali alitii, na asiyeiamini alipuuza. Mtu aliyefunzwa jinsi ushahidi unavyopatikana angekuwa na kipimo cha tatu. Angeuliza: nani alihesabu, alilinganisha na nini, na je, mwingine amerudia akapata vivyo hivyo?

Maswali hayo huanzia darasani, na hapo ndipo jukumu linawaangukia walimu. Wanaozijua maabara za shule wanajua desturi moja iliyozoeleka: mwanafunzi anafanya jaribio, anapata jibu lisilolingana na la kitabu, kisha analifuta na kuandika lile la kitabu ili asikose alama. Mwalimu huona usawa wa majibu akafurahi. Kwa hakika ametoka kufundisha kinyume cha sayansi. Kama Semmelweis angalifunzwa hivyo, angaliandika kwamba vifo vya wodi ya kwanza vilitokana na hewa, kama vitabu vilivyosema, na angalipewa alama zote. Mwanafunzi aliyepata jibu tofauti aulizwe kwa nini, arudie, atafute kama kosa li katika kipimo, katika mkono wake au katika kitabu. Mara nyingi kosa litakuwa lake, lakini njia ya kuligundua ndiyo elimu yenyewe.

Mtihani wa kitaifa utaendelea kuwapo, na majibu sahihi yataendelea kupewa alama. Hatukatai hilo. Tunachosihi ni kwamba, pamoja na majibu hayo, watoto wetu wapewe nafasi ya kusema kwamba walichokiona hakilingani na walichoambiwa, na wasikilizwe hadi jambo lipimwe. Wanawake waliopiga magoti mbele ya wodi ya kwanza walisema ukweli kwa miaka kabla hajatokea mtu wa kuuhesabu. Wajibu wa shule zetu ni kuhakikisha kwamba mtu huyo wa kuhesabu hapatikani kwa bahati tu, na kwamba akipatikana, wenzake watakuwa tayari kuchota maji na kujaribu.